Chasisi Iliyopinda

Kaeni hapa wote wawili, Kasian kulia na wewe Yusta kushoto, msiniangalie kama maiti, maana bado nawasikia mkinuniana mlangoni, na pumzi iliyobaki inatosha kusema jambo mara moja tu.

Nyumba hii ya Iyunga ni ya Kasian, shamba la Ifunda ni la Yusta, karatasi ziko kwa mchungaji, hapo hakuna mjadala. Kinachonichosha ni kile kilori. Kasian, mtu mzima mwenye ndevu, uliagiza vipande vya resini, ile plastiki ngumu, ng'ambo ili uunde mfano wa lori la marehemu baba yako, mdogo wa kukaa kiganjani, ukajaza sebule vumbi la msasa na harufu ya gundi, tukawa tunakula ugali jikoni kama tuna msiba, halafu chasisi, ule uti wa chini wa lori, ilipokutwa imepinda kama ndizi, ukamwambia dada yako, "Umeianika juani makusudi, mchawi we!" Naye Yusta, kwa kiburi cha babu yake, akafunga mizigo akaenda Iringa, na mwaka wa pili huu hamjasalimiana.

Sikilizeni. Ni mimi mama yenu niliyeipinda. Kijitabu cha maelekezo kilisema vipande vioshwe kwa sabuni ili rangi ishike, nikataka umalize upesi nirudishiwe sebule yangu. Ilikuwa Juni, na nani hapa Mbeya huosha kitu kwa maji baridi mwezi wa Juni? Nikamimina birika zima la maji yanayochemka. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeficha birika. Yusta, nisamehe. Kasian, mwombe radhi dada yako, tena leo.

Sanduku la vipande liko chini ya kitanda hiki. Nimejaribu kwa kipande kilichovunjika: maji ya moto yaliyokipinda ndiyo hukinyoosha, lakini lazima mmoja ashike ncha zote mbili na mwingine akimwagie maji baridi kikae, na mimi nina mikono miwili tu. Msiling'arishe hilo lori. Baba yenu hakuwahi kupanda mlima Kitonga na lori safi, na kioo cha pembeni cha kushoto kilifungwa kwa mpira wa tyubu. Picha yake unayoiigiza haionyeshi, ila niliufunga mimi.

Likiisha, liwekeni sebuleni, muwe mnakuja kulitazama pamoja. Mungu awape... awape subira, mimi sikuwa nayo.

Yusta, birika liko jikoni. Nenda. Kasian, toa chasisi, ishike... usivute. Taratibu, baba. Mngoje dada yako.