Leokadia Kimaro na Ghorofa Tatu Zisizosalimiana

Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016, Mhandisi Leokadia Kimaro, ambaye sisi Watanzania wa Scarborough tunamwita Mama Brightness, alistaafu rasmi baada ya miaka ishirini na mmoja katika kampuni ya ushauri wa uhandisi hapa katikati ya Toronto. Kampuni ilimuaga kwa keki ya dukani na hotuba fupi ya kuvukia barabara. Wakamsifu kwa "ushirikiano mzuri." Ushirikiano! Sijui neno hilo liliwapitaje kooni. Ndiyo maana kamati ya sherehe yetu wenyewe imeniomba mimi, mchapa michoro wa kampuni hiyohiyo, niandike wasifu wenye kichwa na miguu. Mimi Mpare, yeye Mchaga, na mtani haombi ruhusa.

Mama Brightness alizaliwa Kibosho, akasomea uhandisi Dar es Salaam, akafika Kanada na koti lisilofaa hata kwa friji. Alianza kwa kukagua hesabu za wenzake, akapanda hadi mhandisi mkuu. Wachaga hupanda tu, wamezoea mlima.

Kazi yenyewe ni hii. Kule Alberta wanachimba mchanga wenye lami, nzito kama uji wa ulezi uliolala. Kuna mitambo ya kuilainisha iwe mafuta mepesi, kisha kiwanda cha kuyasafisha yawe petroli na dizeli, kisha viwanda vya kutengeneza plastiki. Kwetu kila kazi ilikuwa na ghorofa yake, meneja wake na kiburi chake. Walainishaji ghorofa ya sita, wasafishaji ya saba, watu wa plastiki ya nane. Wakikutana kwenye lifti, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Sasa, mwanamke wa Kichaga hajui kupika chakula cha mtu mmoja. Mwaka 2006 alipanda kutoka kwa walainishaji wenzake hadi ghorofa ya nane na bakuli la ndizi nyama, akaketi na Anwarali, mhandisi wa plastiki, mzaliwa wa Tanga. Wakila, akataja kwamba mitambo yao ya kulainisha lami itatoa gesi nyingi, nao wamechora tanuru la kuichoma.

Anwarali aliacha kutafuna. "Dada Leokadia, mnaichoma? Gesi hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa tochi!"

Kumbe ghorofa ya nane walikuwa wamechora bomba refu la kuleta gesi ya namna ileile kutoka mbali. Kampuni moja, mteja mmoja, jengo moja! Ni kama mume anamwaga maziwa uani na mke yuko dukani anapanga foleni ya maziwa. Na hao ndio wenye mishahara minono.

Mama Brightness akachora upya, vyote vitatu ndani ya uzio mmoja: gesi ya walainishaji iende kwenye plastiki, haidrojeni ya wasafishaji irudi kulainisha lami, mvuke utumike na wote. Niliuchapa mchoro huo mwenyewe, mrefu kama kanga ya pande mbili.

Uchumi ulipoanguka 2008, mchoro ukawekwa kabatini. Mwaka 2012 mteja mwenyewe akaja kutoka Calgary kuuliza, ule mpango wa yule mama uko wapi? Mtu amekuja na kiu, mpe maji! Wapi! Mameneja watatu wakagombana mbele yake nani atakuwa kiongozi wa mradi. Watu wazima, wenye tai, wanagombea usukani wa gari ambalo halijanunuliwa. Mteja akafunga mkoba wake, akaenda zake, hakurudi.

Mwaka huu mameneja wakaandaa ripoti ya kufunga mradi. Ilisema kwamba mpango "hauwezekani kitaalamu." Si kwamba wao waligombana, la! Hesabu ndizo mbaya. Kisha wakamtaka yeye, mwenye hesabu, atie sahihi. Akakataa. Nyongeza ya miaka miwili ya kazi aliyoahidiwa ikayeyuka ghafla.

Hata Anwarali alimsihi. "Dada, tia sahihi upumzike. Nani ataisoma?"

"Ataisoma kijana atakayepata wazo hilihili," akamjibu. "Akikuta jina langu pale chini, ataacha. Atasema, kama yule mama ameshindwa, mimi nani?"

Siku ya mwisho, keki ikiwa mezani, mkurugenzi alimletea tena ripoti ile, na kalamu akaishikilia yeye kabisa, kama anayemlisha mtoto. Mama Brightness akamwambia kwa Kiingereza chake cha Kibosho, "Andika kwamba mlishindwa kuketi meza moja. Hiyo nasaini sasa hivi, kabla ya kukata keki." Mkurugenzi alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Keki ikakatwa bila yeye, na ilikuwa tamu kuliko ilivyostahili.

Ripoti haijasainiwa. Mpango umebaki bila kaburi.

Mama Brightness, asante kwa ndizi, kwa ukali wako, na kwa kutotuuza. Kaa kwako Weston kwa raha na wajukuu zako. Wakikujibu Kiingereza, wewe wajibu Kichaga mpaka wanyooke. Mungu akupe siku ndefu na magoti yasiyouma. Na wale wakigonga mlango na kalamu yao, usiwafungulie.