Miaka Kumi na Tano Bila Kupingwa

Saa tisa na nusu alasiri benchi la mbele ya banda la Spoki, fundi baiskeli, lilikuwa limejaa. Fomu za uenyekiti wa kijiji zinafungwa saa kumi kamili, na mgombea ni Mwenyekiti yuleyule, peke yake. Miaka kumi na tano anapita bila kupingwa, na pampu ya kisima ina miaka sita haijatoa hata tone! Spoki alikuwa anakaza gurudumu huku roho inamuuma, maana mkewe anafuata maji mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Lakini kusema? Thubutu! Kiwanja cha banda lake alipewa na Mwenyekiti huyohuyo, tena kwa mdomo tu.

— Nyie hamjui, — alianza Redio, kinyozi asiyepitwa na habari, akipuliza kahawa yake. — Fomu inachapishwa moja tu. Akishachukua yeye, basi.

— Wacha uongo! — akadakia Babu Miwani, mstaafu wa posta. — Zipo mbili. Ya pili kaifungia sandukuni, na sanduku liko chini ya kitanda chake.

— Sanduku wapi, Babu! Mimi nasikia kaimeza.

— Kameza fomu?

— Na muhuri juu!

Benchi zima likaangua kicheko. Spoki naye alicheka, ingawa hakuwa na raha.

Hapo akatokea Mama Vifungo, mshonaji wa kona ya pili, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

— Shikamoo, Babu.

— Marahaba, mwanangu.

— Hivi kati yenu, nani amewahi kwenda ofisini kuiomba hiyo fomu?

Redio akakohoa. Babu Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kumbe miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake!

— Basi mimi nimekwenda. Ziko rundo zima, karani anafunikia kikombe chake cha chai. Nimejaza. Wanatakiwa wadhamini kumi, ninao saba.

Babu Miwani akasaini. Redio naye akasaini. Kalamu ikafika kwa Spoki.

— Shemeji, habari ya kiwanja naijua, — Mama Vifungo akamwambia kwa upole. — Sikulazimishi.

Spoki aliogopa, tena sana. Akafuta grisi mikononi, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi kubwa, akasaini. Kisha akavuta baiskeli iliyokuwa karibu.

— Panda nyuma, twende!

Alikanyaga pedali kama mwendawazimu, benchi zima likiwafuata mbio. Saa kumi kasoro dakika nne, karani akagonga muhuri.

Nje ya ofisi Mwenyekiti alikuwa ameketi, kavaa koti jipya, anasubiri kupongezwa. Karani akatoka, akabandika karatasi ukutani. Majina mawili! Vigelegele vikahanikiza, Babu Miwani akarusha kofia juu kama mtoto.

— Hii ni nini? — akauliza Mwenyekiti.

Spoki, bado anahema, akamjibu kwa heshima zote:

— Uchaguzi, Mheshimiwa.