Nusu Aliyoiokoa Mama Léoncie

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika kituo chetu cha utafiti wa kilimo, Mama Léoncie Barandagiye anarudisha buti zake stoo na kwenda zake nyumbani Ngagara. Ukurasa huu wa jarida letu huandikwa kwa tabasamu, nami nitajitahidi. Lakini niseme mapema: nina hasira, na wenzangu wote wa maabara ya udongo wanayo.

Alianza kwa kubeba mifuko ya udongo kutoka mashambani. Baadaye akakabidhiwa fimbo ya chuma yenye kipimo cha mshale kama saa kichwani, ile inayochomwa ardhini kupima ugumu wake, na tangu siku hiyo kituo kizima kikamwita Mama Fimbo. Hakukasirika. Alisema afadhali hilo kuliko majina tunayowapa mashefu, wakubwa wetu wa kazi.

Miaka kumi na minne iliyopita alipewa vipande vitatu vya shamba, vilivyopakana. Cha kwanza kililimwa kwa trekta kila msimu. Cha pili kwa jembe la mkono. Cha tatu hakikulimwa kabisa: mbegu zilitiwa kwenye vishimo, na mabua ya mahindi yakaachwa juu kama blanketi. Kazi yake ilikuwa kujibu swali la kila mkulima wa bonde letu: ni kilimo gani kinachoshindilia udongo hadi maji na mizizi vishindwe kupita?

Kipimo hakifai udongo ukiwa mkavu wala ukiwa tope, kwa hiyo alipima siku ya pili baada ya mvua, iwe siku gani. Mwaka ule wa harusi ya binti yake Orlane, mvua kubwa ilinyesha Alhamisi. Jumamosi asubuhi, wakwe wako njiani, mama wa bibi harusi yuko shambani na buti, kitenge cha sherehe amekikunja hadi magotini. Alifika kanisani kabla ya padri, na tope kwenye kisigino.

Na majibu akayapata. Trekta ililainisha juu, lakini chini ya jembe lake kukawa na tabaka gumu kama sakafu. Jembe la mkono nalo liliacha tabaka lake, karibu zaidi na juu. Kipande cha tatu kwa miaka minne kilikuwa kigumu kuliko vyote, nasi, Mungu atusamehe, tulimcheka. Kufikia mwaka wa saba, minyoo na mizizi ilikuwa imekifungua. Maji ya mvua yalizama badala ya kutuama, na fimbo ikashuka bila Mama kutoa jasho.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Oktoba ya mwaka juzi tulitangaziwa wageni wakubwa. Uongozi ukatazama kipande cha tatu, ukaona mabua yaliyooza, ukasema ni uchafu. Ndiyo, jamani! Kituo cha utafiti wa kilimo kikaagiza trekta isafishe shamba ambalo thamani yake yote ni kutolimwa. Hakuna aliyeuliza hata mlinzi.

Mama Léoncie alifika nusu ikiwa imeshapinduliwa. Akasimama mbele ya trekta na fimbo yake. Landry, dereva wetu, akamwomba: “Mama, toka basi, mi wamenituma tu.” Akajibiwa: “Apana. Uende ukule kwanza, tutaongea.” Landry, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, alizima mashine akafuata maharagwe. Aliporudi wageni walikuwa wameshaingia getini, na trekta haikuwashwa tena.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akapewa barua ya onyo, kwa “kuzuia kazi na kukosa heshima kwa viongozi.” Mama aliisoma, akaikunja, na mvua ilipokuja akaenda kupima nusu zote mbili. Nusu iliyolimwa mara moja tu ilikuwa imeganda juu na kukaza chini, mahali magurudumu yalipopita. Alikuja maabara, machozi yakimtoka, akatuwekea vipimo mezani.

Leo wageni wakifika wanapelekwa wapi? Kwenye nusu aliyoiokoa! Wanapigwa picha hapo, viongozi wanachota udongo mkononi na kuusifu. Na barua ya onyo ingali kwenye faili lake. Asante ya punda ni mateke, lakini haya yamezidi.

Jumatatu mimi na Joëlla wa uhasibu tulikwenda kuomba iondolewe. Tuliambiwa faili la anayestaafu halifunguliwi tena, ila kwa kuongeza hati rasmi.

Vizuri sana. Jarida hili lina nembo ya kituo na muhuri wa uongozi, basi ni hati rasmi. Tunaandika humu, wafanyakazi arobaini na mmoja, kwamba Mama Léoncie Barandagiye alikuwa sahihi. Tunaomba nakala moja iingizwe kwenye faili lake, juu ya barua ile.

Asante, Mama, kwa kazi na kwa kutuvumilia. Upumzike kwa afya na amani, wewe na wajukuu wako. Na ile nusu tutailinda sisi, hata kama nasi tutaandikiwa barua.

Maxime, maabara ya udongo, Bujumbura