Helmeti na Shikamoo

Lami ilipoishia kwenye njia ya Kinondo, Sufyan, dereva wa bodaboda, alivua helmeti akaitundika kwenye kioo cha pikipiki. Nadhira, abiria aliyebanwa katikati, akaletewa ugomvi kwenye masikio yote mawili.

"Vaa, mwanangu, utatuua!" akafoka Bi Khamisa, abiria wa nyuma, helmeti yake imemfunika hadi nyusi.

"Mama, huku ni kwetu. Nikiivaa, wazee hawanijui, wala shikamoo yangu hawaisikii. Kabla sijafika nyumbani, baba ameshaambiwa nimeota mapembe."

"Afadhali uitwe mjeuri kuliko marehemu!"

Nadhira akaafiki kimoyomoyo. Mara Bi Khamisa akaanza kuhangaika na kamba ya kidevuni.

"Yule barazani ni mama mkwe wangu," akanong'ona.

Kabla pikipiki haijasimama, helmeti ya Bi Khamisa ilikuwa mikononi mwa Nadhira.