Mzee Kornelio na Ng'ombe wa Mama Ghati

Jumanne hii chama chetu cha wafugaji kilipoteza ng'ombe arobaini na watatu wa Busawe. Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni, kinampoteza Mzee Kornelio Heche, aliyekitumikia miaka thelathini na mmoja. Ng'ombe wamepotea kwenye kompyuta tu, zizini wapo. Mzee ndiye anayeondoka kweli, anastaafu.

Alianza kwenye josho la Machochwe, akihesabu mifugo katikati ya kelele za wenyewe. Akiwa na miaka hamsini na minne alijifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akatuandikia mfumo. Humo kila mfugaji ni kitu chenye sifa zake: kijiji, simu, idadi ya ng'ombe. Wenzake walimtania kwamba sasa anachunga ng'ombe wasiokunya. Akawajibu kwamba hao angalau hawatoroshwi kupitia mpaka wa Sirari.

Jumatatu alinikabidhi mfumo mimi, fundi niliyejinunulia laptopu kwa kuuza mahindi ya kuchoma stendi ya Tarime. Aliagiza wafugaji waingizwe kwa namba, si kwa majina, maana huku ukiita Ghati sokoni wanageuka sita. Mimi nikaona namba hazina heshima, nikaweka majina.

Ghati Mogesi ni mama wa Busawe mwenye hao arobaini na watatu. Ghati Mogesi ni mimi pia, mwenye ndama mmoja. Nilipojiandikisha, wafugaji["Ghati Mogesi"] ikafuta taarifa zake zikabaki zangu, maana jina moja hubeba mtu mmoja tu. Ndama wangu alimeza kundi zima na kompyuta haikulalamika.

Sikushtuka, nilikuwa na nakala. Nilikuwa nimeandika nakala = wafugaji. Kumbe hiyo ni kumpa ng'ombe mmoja majina mawili, kisha kudai unao wawili! Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akanipongeza kwa kuanzisha ufugaji mpya.

Mama Ghati hacheki. Chanjo ya mifugo ni Jumatatu ijayo, na asiye kwenye orodha hahudumiwi. Amesema ng'ombe wake wakikosa, sindano zote nitachomwa mimi.

Mzee huwa na flashi ya nakala halisi kwenye funguo za pikipiki. Nimemuuliza mara mbili kama ya Mei bado imo. Anatabasamu tu na kuuliza kama mbuzi wa sherehe ya kumuaga ameshachinjwa.

Mzee Kornelio, asante kwa yote. Upumzike salama, na zizi lako lijae. Ila nakala ya Mei ipo au haipo? Jibu ndiyo au hapana kabla ya saa nane mchana. Mbuzi ninamgawa mimi.