Rai Baya, Aliyetufungia Kivuli

Marehemu Rai Baya alizaliwa mwaka 1921 huko Kinango, mtoto wa tatu wa mzee Baya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la pili. Ami yake Tembo, anayewasomea haya, alifika la tatu, kwa hiyo msikilizeni kwa adabu.

Alikata miwa Ramisi hadi mgongo ukakataa, na mwaka 1944 akashuka Gazi. Kwenye mashua ya nahodha Makame alipewa kazi ya kushona na kufunga turubai la kivuli, abiria wasiungue na jua. Kila pembe aliitia fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana upepo mkali ukilijaza turubai lisilofunguka, mashua hupinduka. Ami yake alimcheka: yeye hufunga kwelikweli, na mbuzi wake hajatoroka hata mmoja. Rai alimjibu, "Ami, mashua si mbuzi."

Turubai hilo ndilo lililowafunika wazee wetu Disemba 1963, walipokwenda Msambweni kuiona bendera mpya ikipanda. Ndilo pia alilokuja kulifunga kwenye kila msiba wa Gazi, bila kuitwa, hata akiwa hoi.

Mwaka 1946 alimwoa Rispah kanisani. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti yao Mbeyu.

Mwaka 1965 kifua kilimlaza. Kufa hakukumtisha, aliogopa kazi ile isije ikatoka nyumbani mwake. Alimfundisha Mbeyu, lakini Makame akakataa.

"Mwanamke kwenye mashua yangu? Bwana Rai, homa imekupanda kichwani!"

"Mjaribu siku moja tu, nahodha. Mimi nitakaa pale mchangani."

Januari hii alibebwa pwani kutazama. Mashua haijafika mbali, upepo ukawarukia ghafla. Abiria wakapiga kelele, "Kamata kamba, mwana!" Mbeyu hakukamata, alivuta. Turubai likawaangukia vichwani, mashua ikasimama wima. Makame aliporudi nchi kavu alisema tu, "Kesho mwamshe mapema." Rai akaomba arudishwe kitandani. Alikuwa amechoka.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 1966, hospitalini Msambweni.

Ameacha mjane wake Rispah, binti yake Mbeyu, na ami mwenye mbuzi wengi. Kivuli tulichokaa chini yake leo amekifunga Mbeyu, huku akilia. Upepo ukija, mtu asiguse kamba, mwachieni mwenyewe.

Rai na apumzike kwa amani. Jua limeshazuiwa.