Kofia ya Mtu wa Kanisa

Bibi aliyekaa mbele yangu katika basi dogo la kwenda mji wa Qurayyat alikuwa akidarizi kofia. Ni ya mwanawe Nasr, alimwambia kijana wa pembeni yake. Jumamosi anakwenda Marekani kusoma, atakaa kwa familia ya Kikristo, na yeye mama mtu usingizi hapati.

"Mimi nimetoka huko, mama," akasema kijana. "Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa kanisa hasa. Pombe haiingii kwake, hali chakula mpaka aombe, na kura yake huwapa wahafidhina, kwa ajili ya Mungu na familia. Ramadhani mkewe akiamka kunipikia daku."

"Mashaallah." Sindano ikasimama. "Na kura hiyo si ndiyo iliyopeleka mabomu Iraq?"

"Ndiyo. Nilimwambia. Tukabishana mpaka chakula kikapoa, kisha akaniombea dua."

"Akuombee wewe, na wale wa Baghdad?"

"Nikamuuliza. Jumapili akasimama kanisani akawaombea, watu wakamkodolea macho. Lakini kura hakubadili."

"Basi hiyo dua ya nini?"

"Sijui, mama. Ila hakunificha kitu, wala hakunifukuza mezani."

Nami nilikuwa nimeacha kujifanya natazama milima.

Basi likasimama. Bibi akachomeka sindano kwenye kofia, ua moja likiwa nusu.

"Hao watu wa kanisa, vichwa vyao vikubwa?"

"Vikubwa, mama. Na vigumu."

"Basi kesho nnamaliza hii, nnaanza ya pili. Pana."